Majirani Vijana wa Jua

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa hilo, San Marco, lilikuwa la mradi wa Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Mzigo wa roketi ulikuwa setilaiti ya kilo 140 na ushei, ambayo kwenye makaratasi ya NASA iliandikwa SAS-A. Msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na ya wenyeji waliowapokea. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani.

Pwani ile haikuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe zake. Ngomeni iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure kutokana na mzunguko wa dunia, kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Faida ya pili ilikuwa kubwa zaidi kwa kazi hii. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka kwa kiasi kikubwa eneo la Atlantiki ya Kusini, ambako chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka karibu zaidi na ardhi. Chombo kinachohesabu mwale mmoja mmoja kikipita katikati ya chembe hizo hakiwezi tena kutofautisha kilichotoka kwenye nyota na kilichotoka jirani.

Uhuru haikuwa na kioo wala kamera. Ilikuwa na seti mbili za vihesabio vya gesi zilizopeana mgongo, kila moja ikichungulia kipande cha anga, huku chombo kizima kikijizungusha taratibu, duru moja kwa dakika kama 12. Kabla yake watafiti walitegemea roketi ndogo zilizopanda na kuanguka katika dakika chache. Ni kwa roketi ya namna hiyo, iliyorushwa New Mexico mwezi Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walikutana na chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua, katika kundinyota la Nge. Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo, iliyochapishwa 1978, ina vyanzo 339. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Vingi kati ya vyanzo hivyo vilikuwa vitu vya kutisha: masalia ya nyota zilizokufa, nyota za nyutroni na mashimo meusi yanayonyonya gesi ya nyota pacha. Nyota za kawaida, za aina ya jua letu, hazikuonekana kabisa. Vihesabio vya Uhuru havikuwa na uwezo wa kuona mwanga hafifu kiasi hicho. Hata hivyo kulikuwa na doa moja lililoangukia kwenye Nebula ya Jabari, wingu lile la gesi chini ya mkanda wa Jabari ambamo nyota zinazaliwa hadi sasa. Uhuru haikuweza kusema ni kitu gani ndani ya wingu kilichokuwa kinatoa miale. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Januari 2003, darubini ya Chandra ilielekezwa hapo kwa karibu siku 13 na kuhesabu vyanzo zaidi ya 1,600. Sehemu kubwa yake ilikuwa nyota changa, zinazowaka kwa eksirei kwa nguvu ambayo jua halijaifikia kwa mabilioni ya miaka.

Sababu yake ni mwendo wa kuzunguka. Nyota ikijikunja kutoka kwenye wingu la gesi huzaliwa ikizunguka kwa kasi. Mzunguko huo, pamoja na mchemko wa gesi iliyo ndani, huzalisha usumaku, na usumaku huipasha moto gesi nyembamba iliyo juu ya nyota, ile korona, hadi mamilioni ya digrii. Gesi yenye joto hilo hung'aa kwa eksirei. Jua letu huchukua karibu siku 25 kumaliza mzunguko mmoja kwenye ikweta yake. AB Doradus, nyota changa iliyo umbali wa miaka ya nuru 50 hivi, huumaliza katika saa 12 na dakika chache. Nyota nyingi za umri huo humwaga eksirei kiasi cha mara elfu ya jua, na baadhi hupita hapo.

Kadiri miaka inavyokwenda, upepo wa nyota hubeba kasi hiyo kidogo kidogo na nyota hupunguza mwendo. Mwaka 1972 Andrew Skumanich aliandika makala ya kurasa chache tu, akilinganisha nyota za Kilimia, zile za kundi la Hyades linaloonekana karibu na Dabarani, na jua lenyewe. Alionyesha kuwa kasi hupungua kwa uwiano wa kipeuo cha pili cha umri: nyota yenye umri mara nne huzunguka kwa nusu ya kasi. Makala chache katika fani hii zimenukuliwa zaidi ya hiyo.

Lakini kabla ya kupima umri wa nyota changa, lazima ipatikane kwanza. Hapo ndipo wanaastronomia walipopotea njia kwa karibu miaka 40.

Mwaka 1945 Alfred Joy wa Mount Wilson, California, alieleza nyota 11 zenye tabia ya ajabu. Mwanga wake hupanda na kushuka bila mpangilio, na zote ziko kando ya mawingu meusi ya vumbi. Aliziita kwa jina la mojawapo, T Tauri, iliyo katika kundinyota la Ng'ombe. Aliyelisukuma wazo kwamba nyota kama hizo ni watoto wachanga alikuwa Viktor Ambartsumian wa Armenia, mwaka 1947. Hoja yake ilikuwa nyepesi na kali. Vikundi hivi vya nyota vimelegea mno. Mvutano wa galaksi ungevitawanya kwa muda mfupi, kwa hiyo kama bado vinaonekana ni vikundi, basi vimezaliwa juzi tu, na hata sasa viko katika kutawanyika. Wakati huo wengi waliamini kuwa kazi ya kuumba nyota ilikwisha zamani za kale. Kumbe ilikuwa inaendelea mbele ya macho yao.

Kutokana na hapo ikazuka kanuni ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliifuata: ukitaka nyota changa, nenda kwenye mawingu. Mawingu ya karibu yenye kazi hiyo yako mamia ya miaka ya nuru kutoka hapa, katika Ng'ombe, katika Nge, katika Kinyonga. Jirani ya jua hakuna wingu la maana. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika kutafuta.

Mwaka 1983 Slavek Rucinski na Joachim Krautter walichunguza nyota moja katika kundinyota refu la Shuja, ambalo ramani za Ulaya huliita Hydra. Nyota hiyo ilijulikana kwa jina la TW Hydrae. Kila dalili ilikuwa ya T Tauri: mwanga usiotulia, haidrojeni inayong'aa, gesi inayoanguka juu yake. Ila ilikuwa peke yake katika anga tupu, bila wingu lolote karibu. Miaka 6 baadaye Ramiro de la Reza na wenzake wa Rio de Janeiro walipekua data za IRAS, setilaiti iliyopima joto la vumbi angani, wakapata nyota nyingine nne za aina hiyo katika eneo lile lile. Watano sasa, na bado hapakuwa na mama. Wapo waliodai kuwa zilifukuzwa kwa kasi kutoka kwenye wingu la mbali. Dai hilo lilihitaji kasi ambazo hakuna aliyekuwa amezipima.

Jibu lilihitaji chombo kinachoangalia anga lote bila upendeleo, kisichoanza kwa kuuliza mawingu yako wapi.

Chombo hicho kilikuwa ROSAT, darubini ya eksirei ya Wajerumani wakishirikiana na Waingereza na Wamarekani, iliyopewa jina la Wilhelm Röntgen aliyegundua miale hiyo mwaka 1895. Awali ilipangwa isafirishwe na chombo cha angani cha Marekani, lakini ajali ya Challenger ya mwaka 1986 ikavuruga ratiba zote, na ikaishia kurushwa kwa roketi ya Delta tarehe 1 Juni 1990. Kwa miezi sita ilipiga deki anga lote. Tofauti na Uhuru, ilikuwa na vioo vinavyokusanya miale na kuipa sura. Orodha ya vyanzo vyake vinavyong'aa zaidi, iliyochapishwa 1999, ina majina zaidi ya 18,000.

Mwaka 1997 Joel Kastner, Ben Zuckerman na wenzao wawili walichapisha katika jarida la Science matokeo ya ROSAT kwa zile nyota tano za Shuja. Zote zilikuwa zinawaka kwa eksirei kwa kiwango kinachofanana, kiwango cha ujana. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hizi ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba liko kundi la nyota changa karibu na dunia kuliko yote yaliyojulikana. Leo umbali wa TW Hydrae unajulikana vizuri: miaka ya nuru 196 hivi. Kwa vipimo vya anga huo ni mtaa wa pili.

Baada ya hapo milango ilifunguka kwa fujo. Mwaka 1999 Eric Mamajek, Warrick Lawson na Eric Feigelson waliikagua sehemu moja ya Kinyonga kwa ROSAT na kukuta kikundi kidogo kimejibana kuzunguka nyota ya Eta Chamaeleontis, karibu miaka ya nuru 315 kutoka hapa. Nyota hiyo inaonekana kwa macho, na ilikuwa kwenye ramani kwa karne nzima na zaidi bila mtu kushuku kuwa ina familia. Mwaka 2000 timu mbili, moja ya Zuckerman na nyingine ya Carlos Alberto Torres wa Brazili, zilitangaza karibu kwa wakati mmoja makundi mawili ya anga ya kusini, moja Tucana na moja Horologium. Baadaye ilibainika kuwa ni kundi moja, ambalo kila timu ilikuwa imelishika upande wake.

Eksirei peke yake, hata hivyo, si ushahidi. Nyota mbili nzee zinazozungukana kwa karibu hulazimishana kuzunguka kwa kasi na hung'aa kama vijana. Galaksi za mbali nazo hung'aa. Katikati ya miaka ya 1990 lilizuka bishano kali kuhusu mamia ya nyota ambazo ROSAT ilizikuta zimetapakaa mbali na mawingu ya Ng'ombe na Kinyonga. Upande mmoja ulisema ni T Tauri zilizotoroka nyumbani. Upande wa pili, Cesar Briceño akiwa mmoja wao, ulisema nyingi ni nyota zenye umri hata wa miaka milioni 100, changa ukilinganisha na jua lakini si watoto wachanga. Upande wa pili ulikuwa na hoja nzito zaidi, na bishano hilo liliwafundisha watu kudai cheti cha kuzaliwa kabla ya kuamini sura.

Cheti hicho ni lithi. Elementi hii nyepesi huwamo katika gesi ambayo nyota hutengenezwa, lakini huungua joto likifika kama digrii milioni 2.5, chini ya joto linalohitajika kuunguza haidrojeni. Katika nyota ndogo gesi ya juu hushuka hadi ndani na kurudi, kwa hiyo lithi yote huisha mapema. Nyota ndogo ikiwa bado na lithi usoni mwake, haijaishi muda mrefu.

Kuitafuta ni kazi ya subira. Timu ya Torres iliifanya kwa sehemu katika kituo cha Pico dos Dias, mlimani katika jimbo la Minas Gerais, kwa darubini yenye kioo cha mita 1.6, ambacho kwa viwango vya leo ni kidogo. Walichukua orodha ya ROSAT, wakailinganisha na orodha za nyota zinazojulikana, kisha wakazielekea moja baada ya nyingine. Mwanga wa kila nyota ulipasuliwa na kutandazwa kuwa spektra, mkanda wa rangi uliokatwa na mistari myeusi. Pale kwenye rangi nyekundu, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 670.8, mtafiti anatafuta mfereji mmoja mwembamba. Mfereji mrefu maana yake lithi ipo. Ukikosekana, nyota inafutwa na darubini inageuzwa kwa inayofuata. Spektra hiyo hiyo inatoa kitu cha pili: mistari yote ikiwa imesogea kidogo kuelekea bluu au nyekundu, hiyo ndiyo kasi ya nyota inapotukaribia au kutukimbia. Kufikia mwaka 2006 walikuwa wamepitia zaidi ya nyota 1,000. Pongezi nyingi za fani hii huenda kwa vyombo vya mabilioni, na Pico dos Dias haitajwi inavyostahili.

Kasi ile ndiyo nusu ya pili ya hadithi. Kwamba nyota husogea ni jambo lililogunduliwa mwaka 1718, Edmond Halley alipolinganisha vipimo vya zamani vya Wagiriki na vya wakati wake na kukuta Shira, Simaki na Dabarani hazipo mahali zilipokuwa. Mwaka 1869 Richard Proctor aliona kuwa nyota tano kati ya saba za Dubu Mkubwa zinakwenda upande mmoja kwa mwendo mmoja. Katika karne ya 20 Olin Eggen alitumia maisha yake yote kukusanya vikundi vya namna hiyo, vingine vya kweli na vingine ambavyo wenzake hawakukubaliana navyo. Tatizo lilikuwa ni lile lile: umbali haukujulikana, na bila umbali huwezi kujua kama nyota inayosogea polepole iko mbali au ni mvivu.

Hipparcos ilibadilisha hilo. Setilaiti hiyo ya Ulaya ilirushwa kutoka Kourou mwezi Agosti 1989, na mara moja ikapata mkosi: injini ya kuipandisha kwenye njia yake haikuwaka. Ikabaki inakwenda kwenye duaradufu ndefu, ikipita mara kwa mara katika mikanda ya mnururisho inayoharibu vifaa. Wahandisi waliandika upya mipango yote na ikaendelea kupima hadi 1993. Orodha yake ya mwaka 1997, mwaka ule ule wa makala ya Kastner na Zuckerman, ilitoa umbali na mwendo wa nyota zaidi ya 118,000.

Mmoja wa walionufaika alikuwa Beta Pictoris. Nyota hii, iliyo umbali wa miaka ya nuru 63, ilikuwa maarufu tangu 1984, Bradford Smith na Richard Terrile walipopiga picha ya sahani kubwa ya vumbi inayoizunguka, ya kwanza kuonekana kwenye nyota nyingine. Ila hakuna aliyejua umri wake. Nyota nzito za aina yake hubadilika sura kidogo sana katika ujana, na makadirio yalianzia miaka milioni chache hadi mamia ya mamilioni. Mwaka 1999 David Barrado y Navascués na wenzake waliona kuwa nyota ndogo nyekundu, zikiwemo AU Microscopii na mfumo wa jirani yake, zinasafiri pamoja nayo. Nyota nyekundu husema umri wake kwa urahisi zaidi. Jibu likawa miaka milioni 20, ukiongeza au kupunguza milioni 10. Miaka miwili baadaye Zuckerman na wenzake walitangaza kundi zima la Beta Pictoris, limetapakaa pande zote za anga kwa sababu sisi wenyewe tuko karibu katikati yake.

Hapo ndipo wazo la Ambartsumian lilipopata nafasi ya kujaribiwa kwa hesabu. Chukua watu wanaotoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Ukijua kila mmoja yuko wapi sasa, anaelekea wapi na kwa kasi gani, unaweza kuirudisha picha nyuma hadi wote wakutane mlangoni, na saa inayoonyesha hapo ndiyo saa swala ilipokwisha. Wanaastronomia walifanya hivyo hivyo kwa ndugu za Beta Pictoris, na mapema katika miaka ya 2000 walipata umri wa miaka milioni 11 au 12. Namba hiyo ilipendwa sana. Ilitumiwa kwa zaidi ya miaka 10 kana kwamba imeandikwa kwenye jiwe.

Ilikuwa inategemea uzi mwembamba. Kilomita moja kwa sekunde ni karibu miaka ya nuru 3.3 kwa kila miaka milioni. Kosa la kilomita moja tu kwa sekunde katika kupima kasi ya nyota, kosa la kawaida kabisa siku hizo, hugeuka kuwa miaka ya nuru 66 ukiirudisha nyuma miaka milioni 20. Hiyo ni zaidi ya umbali wa Beta Pictoris yenyewe kutoka hapa. Mlango wa msikiti unakuwa mpana kuliko mtaa. Mwaka 2014 Mamajek na Cameron Bell walirudia hesabu zote hizo kwa data bora na kuonyesha kuwa jibu la milioni 12 halirudiwi. Walipopima umri kwa njia nyingine, kwa kulinganisha mwanga na rangi za nyota za kundi na mahesabu ya jinsi nyota zinavyokua, walipata milioni 23, wakiongeza au kupunguza 3. Mwaka huo huo Alex Binks na Rob Jeffries walitumia lithi: walitafuta nyota nyekundu hafifu zaidi ambayo imekwisha kuunguza lithi yake, na iliyo hafifu kuliko hiyo bado inayo. Mpaka huo uliwapa milioni 21.

Tofauti ya miaka milioni 10 si ya kupuuzwa. Kuzunguka Beta Pictoris kuna sayari kubwa iliyopigwa picha na timu ya Anne-Marie Lagrange kwa darubini kubwa za Chile na kuthibitishwa mwaka 2010. Sayari changa hung'aa kwa joto lake la kuzaliwa na hupoa jinsi inavyokua. Uzito wake, unaposomwa kutokana na mwanga, hutegemea umri unaoingizwa kwenye hesabu. Ukiongeza umri, uzito unapanda, na kwa baadhi ya sayari zilizopigwa picha hiyo ndiyo tofauti kati ya kuitwa sayari na kuitwa kibete cha kahawia. AU Microscopii nayo, iliyo miaka ya nuru chini ya 32 kutoka hapa, iligunduliwa kuwa na sayari mwaka 2020. Umri wa kundi ni umri wa sayari hizo zote.

Kisha ikaja Gaia. Iliondoka Kourou tarehe 19 Desemba 2013 na kukaa umbali wa kilomita milioni 1.5, ikipima karibu nyota bilioni 2 kwa usahihi ambao Hipparcos haikuuota. Kwa data zake Núria Miret-Roig na wenzake waliirudisha Beta Pictoris nyuma tena mwaka 2020, safari hii kwa uangalifu wa kuziondoa nyota zenye vipimo vibovu na zile zenye wenza wanaozivuta. Walipata miaka milioni 18.5. Njia ya mwendo na njia ya mwanga zilikuwa zimekaribiana, lakini hazikukutana. Umri wa njia ya mwendo ulibaki mdogo.

Kwa muda watu waliichukulia tofauti hiyo kuwa kosa la upande mmoja au mwingine. Mwishoni mwa 2023 Miret-Roig alirudi na hoja tofauti. Alilinganisha saa zote mbili katika makundi kadhaa ya jirani na kukuta pengo ni lile lile, karibu miaka milioni 5.5, kila mahali. Pengo linalojirudia namna hiyo lina maana yake. Saa ya mwanga huanza nyota inapozaliwa. Saa ya mwendo huanza nyota zinapoanza kutawanyika. Katikati yake nyota hubaki zimeshikwa na gesi ya wingu lililozizaa, kama waumini waliomaliza swala wakakaa barazani kupiga gumzo, hadi mwanga na upepo wa ndugu zao wakubwa ulipoifukuza gesi hiyo. Saa mbili zilizokuwa zikigombana zilikuwa zinapima matukio mawili tofauti.

Wingu lenyewe ndilo lisiloonekana tena. Tangu mwaka 2001 Mamajek na Feigelson walikuwa wameshaonyesha kuwa makundi ya TW Hydrae na Beta Pictoris, yakirudishwa nyuma, yanaelekea upande wa Nge na Kantarusi, kwenye kundi kubwa la nyota nzito lililo jirani kuliko yote ya aina yake. Nyota nzito za huko zililipuka, na milipuko hiyo ilichimba tundu la gesi moto na nyembamba ambalo jua limo ndani yake leo. Mwaka 2022 Catherine Zucker na wenzake walikadiria kuwa tundu hilo lina miaka kama milioni 14 na limetokana na milipuko 15 hivi. Chuma chenye mnururisho kilichookotwa katika matabaka ya sakafu ya Bahari ya Pasifiki, na kuripotiwa mwaka 1999, ni majivu ya milipuko ya karibu miaka milioni 2 hadi 3 iliyopita.

Chombo kilichotarajiwa kuikamilisha orodha ya majirani kiliondoka Baikonur tarehe 13 Julai 2019. Darubini ya Wajerumani ya eROSITA ilipakiwa kwenye setilaiti ya Warusi, na mkataba uligawa anga katikati: nusu ya data kwa Wajerumani, nusu kwa Warusi. Mpango ulikuwa kupiga deki anga lote mara nane. Ilikuwa imekamilisha mara nne vita vya Ukraine vilipoanza, na mwezi Februari 2022 Wajerumani wakaizima. Tarehe 31 Januari 2024 walitoa vyanzo karibu 900,000 kutoka nusu yao, vilivyokusanywa katika miezi sita ya kwanza tu. Ndugu za Beta Pictoris hawakugawanywa na mkataba huo, wako pande zote mbili za mstari. Gaia nayo ilimaliza kupima Januari 2025, na toleo lake la nne, lenye vipimo vya miezi 66, limepangwa kutoka Desemba 2026.